Cokie Roberts (1943–2019): Mwana wa Bunge Aliyeliripoti Bunge

Cokie Roberts alikuwa mwandishi wa habari wa Marekani aliyesikika katika redio ya umma ya nchi hiyo, NPR, tangu mwaka 1978 hadi alipofariki dunia tarehe 17 Septemba 2019, akiwa na umri wa miaka 75. Kwa zaidi ya miaka kumi aliripoti habari za Bunge la Marekani, na baadaye akawa mchambuzi wa siasa ambaye wasikilizaji wengi walimtarajia kila Jumatatu asubuhi. Alikuwa Mkatoliki aliyelelewa na watawa na hakuificha imani yake. Alikuwa pia binti wa wabunge wawili, na hapo ndipo lilipo swali ambalo maisha yake yanawaachia wote wanaohusika na upashanaji habari: je, mtu aliyezaliwa ndani ya nyumba anaweza kuieleza nyumba hiyo kwa haki mbele ya walio nje?

Jina lake la ubatizo lilikuwa refu: Mary Martha Corinne Morrison Claiborne Boggs. Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1943 mjini New Orleans, katika jimbo la Louisiana. Kaka yake Tommy, akiwa bado mdogo, alishindwa kutamka "Corinne" akasema "Cokie", na jina hilo la utotoni likamfuata hadi hewani. Baba yake, Hale Boggs, alikuwa mbunge wa chama cha Democratic, na mwaka 1971 akawa kiongozi wa wabunge wa chama hicho kilichokuwa na wingi katika Baraza la Wawakilishi. Aliwahi pia kuwa mjumbe wa tume iliyochunguza kuuawa kwa Rais John F. Kennedy. Watoto wa nyumba hiyo walikulia kati ya New Orleans na Washington. Korido za Bunge walizijua kama watoto wengine wanavyoijua njia ya kwenda kisimani, na mezani kwao walikula pamoja na watu ambao Wamarekani wengine waliwaona magazetini tu.

Tusiipambe nyumba hiyo kupita kiasi. Hale Boggs alikuwa mwanasiasa wa Kusini, na mwaka 1956 alitia sahihi tamko la wabunge wa Kusini waliopinga kuchanganywa kwa wanafunzi weupe na weusi shuleni. Mwaka 1964 aliipigia kura ya hapana Sheria ya Haki za Kiraia. Mwaka uliofuata akaiunga mkono sheria ya haki ya kupiga kura, ingawa alijua vema kwamba wapiga kura wake wengi wangechukia. Binti aliyekulia hapo alijifunza mapema kwamba kura ya mbunge hubeba dhamiri, woga na hesabu ya uchaguzi ujao kwa wakati mmoja. Tunadhani somo hilo lilimfaa kazini kuliko lolote alilolipata chuoni.

Shule za Moyo Mtakatifu

Elimu yake ya awali aliipata kwa Masista wa Shirika la Moyo Mtakatifu wa Yesu, kwanza New Orleans, kisha katika shule yao ya Stone Ridge huko Bethesda, Maryland, alikohitimu mwaka 1960. Shirika hilo lilianzishwa nchini Ufaransa mwaka 1800 na Mtakatifu Madeleine Sophie Barat, na mwaka 1818 Mtakatifu Rose Philippine Duchesne aliwaongoza wenzake kuvuka bahari na kulipeleka Marekani. Karama yake tangu mwanzo imekuwa malezi ya wasichana. Katika utu uzima wake Cokie alirudia mara nyingi kwamba masista hao waliwachukulia wasichana kuwa watu wenye akili timamu, katika miaka ambayo jamii iliyowazunguka haikuwa na mazoea hayo. Kutoka hapo alikwenda Chuo cha Wellesley, akahitimu masomo ya sayansi ya siasa mwaka 1964.

Ulimwengu wa kazi haukumpokea kama masista walivyompokea. Baada ya kuolewa alimfuata mumewe New York, na alipobisha hodi katika ofisi za habari, mara nyingi aliulizwa anaweza kupiga chapa maneno mangapi kwa dakika. Wanaume waliokuwa na shahada kama yake hawakuulizwa hivyo.

Mumewe ni Steven Roberts, aliyekuwa mwandishi wa habari wa gazeti la New York Times, Myahudi kutoka Bayonne, New Jersey. Walikutana mwaka 1962 katika mkutano wa wanafunzi, wakaoana tarehe 10 Septemba 1966 katika bustani ya wazazi wa bibi harusi huko Bethesda, mbele ya wageni wapatao 1,500, akiwemo Rais Lyndon Johnson. Ulikuwa ni mwezi wa 11 tu tangu Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano utoe tamko lake Nostra Aetate, tarehe 28 Oktoba 1965, ambalo lilifungua ukurasa mpya kati ya Kanisa na Wayahudi. Waamini wanaotuuliza kuhusu ndoa za namna hii wakumbuke kwamba kwa Kanisa zina masharti yake: kanuni ya 1086 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inadai kibali maalumu ili Mkatoliki aweze kufunga ndoa halali na mtu asiyebatizwa. Nyumba ya akina Roberts iliheshimu sikukuu za pande zote mbili, na kila mwaka Cokie mwenyewe aliandaa mlo wa Pasaka ya Kiyahudi. Mwaka 2011 wanandoa hao walichapisha pamoja kitabu cha ibada hiyo ya nyumbani, kwa ajili ya familia zenye hali kama yao. Ndoa yao ilidumu miaka 53, hadi kifo kilipowatenganisha.

Kupotea kwa baba

Tarehe 16 Oktoba 1972 ndege ndogo iliyombeba Hale Boggs ilitoweka huko Alaska. Alikuwa amekwenda kumfanyia kampeni mbunge mwenzake, Nick Begich, ambaye naye alikuwa ndani. Watafutaji walizunguka kwa wiki nyingi, lakini ndege haikuonekana, wala mabaki yake hayajaonekana hadi leo. Wale ambao wamewahi kufiwa bila kuwa na mwili wa kuzika wanajua msiba wa namna hiyo ulivyo. Hakuna kaburi la kuwekea shada, na siku ya kumaliza matanga haijulikani.

Mjane wake, Lindy Boggs, aligombea kiti kilichoachwa wazi na kushinda uchaguzi mdogo wa Machi 1973. Alikaa bungeni hadi Januari 1991. Mwaka 1974, muswada wa sheria ya mikopo ulipofikishwa katika kamati yake ukikataza ubaguzi wa rangi na umri, aliona hausemi lolote juu ya wanawake. Akaongeza kwa mkono wake maneno ya kukataza ubaguzi wa jinsia na wa hali ya ndoa, akatoa nakala, akawagawia wenzake huku akisema kwa upole kwamba bila shaka yalikuwa yamesahaulika tu. Yakapita. Kuanzia mwaka 1997 hadi 2001 alikuwa Balozi wa Marekani katika Kiti Kitakatifu, wakati wa utume wa Mtakatifu Yohane Paulo II.

Wakati mama anaanza ubunge, binti alikuwa mbali na Washington kwa sababu ya kazi ya mumewe. Mwaka 1974 familia ilihamia Athens. Majira hayohayo ya kiangazi yalitokea mapinduzi ya Cyprus, majeshi ya Uturuki yakaingia kisiwani, na serikali ya kijeshi ya Ugiriki ikaanguka. Cokie, aliyekuwa hapo kama mke wa mwandishi tu, akajikuta anaripoti anguko hilo kwa ajili ya CBS. Aliporudi Marekani mwaka 1977 alikuwa na watoto wawili na uzoefu wa kweli, ila hakuwa na ajira ya kudumu.

Redio isiyo ya serikali wala ya mfanyabiashara

Hapa msomaji wetu anahitaji maelezo kidogo. Tukisema "redio ya umma", wengi wetu hufikiria chombo cha serikali. NPR si hivyo. Chimbuko lake ni sheria ya utangazaji wa umma iliyotiwa sahihi na Rais Johnson tarehe 7 Novemba 1967. Mwaka huohuo, tarehe 7 Mei, Kanisa lilikuwa limeadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni chini ya Mtakatifu Paulo VI. NPR yenyewe iliundwa mwaka 1970, na taarifa yake ya jioni ilianza kusikika tarehe 3 Mei 1971. Ni muungano wa vituo vinavyojitegemea, vingi vikiwa vya vyuo vikuu na vya jumuiya za mahali. Huendeshwa kwa michango ya wasikilizaji, ufadhili wa taasisi na makampuni, na kwa miaka mingi pia kwa ruzuku iliyopitishwa na Bunge kupitia shirika maalumu, ili mkono wa serikali usifike moja kwa moja kwenye chumba cha habari. Julai 2025 Bunge lilifuta ruzuku hiyo ya utangazaji wa umma, takriban dola bilioni 1.1 kwa miaka miwili. Vituo vidogo vya vijijini ndivyo vilivyokuwa vikiitegemea zaidi.

Mwaka 1978, Cokie alipoingia, NPR ilikuwa changa na mishahara yake ilikuwa midogo. Udogo huo wa mishahara una sehemu katika historia ya wanawake: wanaume wengi wenye majina hawakuzitaka nafasi hizo, na wanawake waliokataliwa kwingine wakazichukua. Susan Stamberg alikuwa ameshaanza kusoma taarifa ya jioni tangu mwaka 1972, wa kwanza kati ya wanawake kuongoza taarifa ya habari ya kila siku ya taifa zima. Linda Wertheimer aliripoti siasa, na Nina Totenberg Mahakama Kuu ya nchi. Totenberg na Wertheimer ndio waliomfungulia Cokie mlango. Watatu hao walikaa pamoja katika kona moja ya chumba cha habari, na baadhi ya wanaume wakaipachika kona hiyo jina la dhihaka. Wenyewe hawakujali. Waligawana habari, wakasimama pamoja katika madai ya mishahara na nafasi, na urafiki wao ukadumu hadi kitanda cha mauti.

Kazi ya mwandishi wa Bunge katika redio wakati ule ilikuwa ya mikono na miguu. Kamera za televisheni hazikuruhusiwa kuonyesha mijadala ya Baraza la Wawakilishi hadi Machi 1979, na Seneti iliendelea kuzikataa hadi mwaka 1986. Mapema mwaka 1978, Seneti ilipojadili mikataba ya Mfereji wa Panama, iliiruhusu NPR kutangaza mjadala wake moja kwa moja, jambo ambalo halikuwahi kufanyika, na Wertheimer akauongoza utangazaji huo. Siku za kawaida mwandishi alisimama koridoni na kinasa sauti begani, akamsubiri mbunge atoke, akauliza maswali mawili au matatu kabla mlango mwingine haujafungwa. Kisha alirudi ofisini, akaukata utepe kwa wembe, akaunganisha vipande, akasoma maelezo yake juu yake. Dakika nne za taarifa zilikula siku nzima.

Katika kazi hiyo Cokie alikuwa na kitu ambacho wengine walikikosa. Alijua kanuni za Bunge jinsi padre mzee anavyozijua rubrika za Misa. Alijua kwamba muswada hufia kwenye kamati kabla ya kufika ukumbini, kwamba hotuba kali mara nyingi ni kwa ajili ya jimboni wakati makubaliano yameshafanyika jana yake, na kwamba mbunge anayekaa kimya ndiye wa kuulizwa. Aliyaeleza hayo kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti nzito kidogo yenye kicheko karibu, bila kumfanya msikilizaji ajione mjinga. Katika miaka yake ya mwisho kipindi cha asubuhi kilimpa sehemu ya kujibu maswali ya wasikilizaji kuhusu namna serikali inavyofanya kazi na ilikotoka. Sisi tunaihesabu sehemu hiyo, iliyokuwa ya dakika chache tu, kuwa kati ya kazi zake bora.

Ukaribu na hatari yake

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo. Kwa miaka yote aliyoliripoti Bunge kila siku, mama yake alikuwa mbunge. Kaka yake, Thomas, alikuwa mmoja wa mawakili mashuhuri zaidi mjini Washington katika kazi ya kuwashawishi wabunge kwa niaba ya makampuni. Dada yake, Barbara, alikuwa meya wa Princeton hadi alipofariki kwa saratani mwaka 1990. Na kwa kuwa Cokie alitumia jina la mumewe, msikilizaji wa mbali hakuwa na namna ya kuyajua hayo kwa kulisikia jina tu. Wakosoaji walisema alikuwa mtu wa ndani mno: aliwaonea huruma wanasiasa na aliliamini Bunge kuliko lilivyostahili.

Tunaona ukosoaji huo una uzito. Hati ya Mtaguso Inter Mirifica, ya tarehe 4 Desemba 1963, inafundisha katika namba 5 kwamba jamii ina haki ya kupata habari, na kwamba habari hiyo lazima iwe ya kweli na, kwa kadiri haki na mapendo yanavyoruhusu, iwe kamili. Ukamilifu huo unagusa pia anayeitoa habari na mahali anaposimama. Lakini tunaona vilevile kwamba dawa ya ukaribu si ujinga. Mwandishi asiyemjua yeyote bungeni ataandika alichoambiwa na msemaji. Cokie aliheshimu kazi ya ubunge kwa sababu alijua gharama yake, hata ile ya ndege isiyorudi, na heshima hiyo haikumzuia kuwabana wabunge kwa maswali. Kinachodaiwa kwa mtu wa namna hiyo ni kusema wazi yeye ni nani, tena mara nyingi kuliko anavyoona inahitajika.

Mwaka 1988 alijiunga na televisheni ya ABC bila kuiacha NPR, na tangu mwaka 1992 nafasi yake katika redio ikawa ya mchambuzi mwandamizi. Kuanzia mwaka 1996 hadi 2002 aliongoza pamoja na Sam Donaldson kipindi cha siasa cha Jumapili cha ABC. Televisheni ilimletea umaarufu, fedha na tuzo, zikiwemo tatu za Emmy. Ilimletea pia aibu. Januari 1994 alionekana kwenye taarifa ya habari amevaa koti la baridi, nyuma yake likionekana jengo la Bunge, na mtangazaji akasema yuko huko. Kumbe alikuwa studio, na jengo lile lilikuwa picha. ABC iliomba radhi hewani, na yeye pamoja na mtayarishaji wakakemewa. Maneno yote aliyosema katika taarifa ile yalikuwa sahihi. Hata hivyo watazamaji walidanganywa kuhusu mahali alipokuwa, na tunawashauri vijana wetu wa vituo vya redio za majimbo, ambao kwa simu moja leo wanaweza kutengeneza mandhari yoyote, walisome tukio hilo kwa makini. Katika miaka hiyohiyo alilaumiwa, pamoja na waandishi wengine wa televisheni, kwa kupokea malipo makubwa ya hotuba kutoka kwa vyama vya wafanyabiashara wenye maslahi bungeni.

Mgogoro wa mwisho ulikuja mwaka 2016. Yeye na mumewe waliandika makala gazetini wakikihimiza chama cha Republican kimkatae Donald Trump kama mgombea wa urais. Baadhi ya wasikilizaji wakauliza: sauti inayochambua uchaguzi kila Jumatatu inawezaje kuchagua upande? NPR ililazimika kueleza kwamba hakuwa tena ripota wake bali mtoa maoni, na mtangazaji wa kipindi akamhoji hewani kuhusu jambo hilo. Tofauti hiyo ni ya kweli. Ila ilikuwa inajulikana zaidi ofisini kuliko sebuleni kwa msikilizaji.

Vitabu na ugonjwa

Kazi yake ya pili, ambayo huenda itadumu kuliko sauti yake, ni historia ya wanawake. Mwaka 1998 alitoa kitabu kuhusu majukumu ya wanawake na urithi wa mama zao, kilichouzwa sana. Mwaka 2004 kilifuata Founding Mothers, kuhusu wake, mama na mabinti wa waasisi wa Marekani, kisha Ladies of Liberty mwaka 2008 na Capital Dames mwaka 2015, kuhusu wanawake wa Washington wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alichimba barua na hesabu za jikoni ambazo wanahistoria wengi walizipita. Alikuwa pia katika bodi ya shirika la Save the Children.

Mwaka 2002 aligundulika kuwa na saratani ya matiti. Alitibiwa, akapata nafuu, akaendelea na kazi kwa miaka 17 mingine, akiwahimiza wanawake kufanyiwa vipimo mapema. Ugonjwa uliporudi, aliendelea kuzungumza redioni hadi majira ya kiangazi ya mwaka 2019, amekonda kiasi kwamba watazamaji wa televisheni waliandika kuulizia afya yake.

Misa Takatifu ya mazishi iliadhimishwa Jumamosi tarehe 21 Septemba 2019 katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Mathayo Mtume, Jimbo Kuu la Washington, siku ya sikukuu ya msimamizi wa kanisa hilo. Wabunge wa vyama vyote viwili walikuwemo, pamoja na wenzake wa ile kona ya chumba cha habari. Aliacha mume, mtoto wa kiume na wa kike, na wajukuu sita. Mwaka 2021 Steven Roberts alichapisha wasifu wa mkewe, na sehemu kubwa ya kitabu hicho haihusu siasa, bali watu aliowatembelea hospitalini, aliowapikia walipofiwa na aliowaandikia barua.